Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ana karakana ya kudarizi nembo za sare za shule. Ni chumba kimoja tu: mashine karibu na dirisha, kompyuta kwenye meza ya kona, na mimi kwenye kiti changu nikikata nyuzi zinazoning'inia. Mdomo wake hauna breki, lakini moyo wake, Mungu ambariki, ni mweupe. Alikuwa na kasoro moja. Kila mteja alipoingia, aliifunika kompyuta kitambaa kama mtu anayekinga mboga na nzi.

Alichokuwa anaficha ni hiki. Programu tunayochorea nembo ni huria: haiuzwi, kila mtu anaichukua bure, anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoundwa, na akiirekebisha anaweza kuwarudishia wenzake alichorekebisha. Ilikuwa na ugonjwa. Kwenye herufi ndogo ilibananisha nyuzi mpaka shati likakunjamana. Binti mkubwa wa wifi, aliyesomea mambo hayo, akautibu. Toka hapo nembo zetu zikawa zinasomeka kuliko za jirani wa duka la pili, anayetumia programu hiyohiyo.

"Tuwapelekee wanaoitunza," binti akasema.

"Ili jirani naye apate? Mimi nipike, yeye apakue?"

Ikawa siri ya nyumba. Lakini kila toleo jipya la programu lilikuja na ugonjwa uleule, na binti akaanza upya kulitibu, kama mtu anayedeki huku wenzake wanapita na matope.

Ndipo akaja mwalimu mkuu wa shule inayotulisha. Mwaka huu wanafunzi watavaa masweta, na maneno ya nembo lazima yasomeke. Alitaka kuona sampuli wiki ijayo. Ikitushinda, kazi yote anaipeleka kwingine.

Tukajaribu. Herufi zikazama kwenye sufu, hazionekani. Binti akabadilisha hiki na kile, wapi.

"Mama, akili yangu imegota," akasema. "Wapo watu wanaotumia programu hii kudarizi vitu vizito kuliko sweta. Lakini nitawaulizaje juu ya dawa ambayo sijawaonyesha?"

Wifi akanigeukia. "Na wewe wifi, umenyamaza tu?"

"Namwomba Mungu," nikamwambia. "Akulegeze mkono."

Akacheka bila kupenda. "Haya, wape. Lakini atakayeicheka kazi ya mwanangu, mnionyeshe mimi."

Hakuna aliyecheka. Fundi mmoja anayedarizi kofia nene, katika nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kufika, aliisifu ile dawa, akauliza maswali, kisha akaiongezea kipande chake: mashine itangulize kitanda cha mishono myepesi ya kulaza sufu, ndipo herufi zije juu yake. Binti akajaribu. Herufi zikakaa juu ya sweta zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaivua, akasoma kwa macho matupu. "Hii hata babu yangu angeisoma," akasema, akatuachia kazi yote.

Toleo jipya lilipotoka, dawa ilikuwa humo ndani tayari. Binti hakugusa kitu, alikunywa chai.

Jirani naye akatokea mlangoni. "Dada, herufi zangu zimepona ghafla. Nasikia daktari anatoka kwako."

"Ni mwanangu. Na wewe ukigundua kitu usinifunikie."

"Nifunike mimi? Mwenye kitambaa si wewe?" Akavuta kiti. "Tena nimegundua namna ya kuizuia mashine isikate uzi hovyo na kuacha mikia inayoning'inia inapobadilisha rangi. Mwite binti nimwonyeshe."

Nilicheka mpaka mkasi ukaniponyoka, maana kazi ya kuzikata nyuzi hizo ni yangu. Wifi akatafuta kitambaa chake ili amfutie mgeni kiti, kitambaa asikione. Nilikuwa nimekifungia masweta ya kupeleka shuleni.