Pigo la Kuazima

Mimi si mtu wa michezo. Niliingia kwenye besiboli kwa sababu ya baridi. Katika uwanja wa Harrow, hapa London, ambako binti yangu hucheza kila Jumapili, mwandishi wa matokeo hukaa ndani ya kibanda, na wazazi wengine husimama nje wakipigwa na upepo. Nikajitolea kuandika.

Aliyekuwa akiandika kabla yangu ni nyanya mmoja Mhindi mwenye duka mtaa wa Rayners Lane, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kinanishinda hata mimi wa Nakuru. Mjukuu wake ndiye mrushaji wa timu yetu, yule anayewarushia wapigaji mpira. Macho yalipoanza kumsumbua nyanya, alinikabidhi penseli na kitabu cha matokeo, akanifundisha. Mpigaji akifika kituo cha kwanza kwa sababu mpira wake haukuzuilika, anaandikiwa pigo. Akifika kwa sababu mchezaji wa upande wa pili ameuangusha mpira ambao angeudaka bila taabu, haandikiwi pigo. Linaandikwa kosa la aliyeuangusha.

Haya, mimi nimelelewa kwamba mtoto wa mwenzio humwaibishi mbele za watu. Mwezi mzima kitabu changu hakikuwa na kosa hata moja. Kila aliyefika, pigo. Nilijiona mwema kweli! Nyanya alipokipitia, alivua miwani akanitazama kana kwamba nimemtilia chumvi kwenye chai. Akanieleza kwamba kila pigo la bure nililogawa linahesabiwa dhidi ya mrushaji. Mjukuu wake alikuwa amerusha vizuri mwezi mzima, na kitabu kinasema hajui kurusha. Nilitamani ardhi inimeze. Siku hiyo nilifuta mpaka kifutio kikaisha.

Sasa, binti yangu mwenyewe hakuwa na pigo hata moja msimu ule. Ana miaka kumi na miwili, na kila Jumapili tulirudi nyumbani mimi nikiuliza kwa Kiswahili, yeye akijibu kwa Kiingereza, neno moja moja. Alikuwa ameshasema ataacha. Mechi ya mwisho akaupiga mpira, ukaenda polepole moja kwa moja kwa msichana wa timu pinzani, ukamponyoka mikononi. Binti yangu akafika kituo cha kwanza, akarukaruka, akageuka kunitazama kibandani.

Wuui, moyo wangu. Nani angejua? Lakini mrushaji wao naye alikuwa amesimama pale, mjukuu wa mtu. Nikamgeukia nyanya, aliyekuwa ameketi kando yangu kibandani, nikitumaini atanihurumia. Alifunga chupa yake ya chai kwanza.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu," akasema.

Nikaandika kosa. Kwenye basi binti yangu alikichukua kitabu, akasoma, akalia. Nikalia naye, tena kwa hasira: kwa nyanya, kwa kitabu, hata kwa yule mtoto aliyeangusha mpira. Wiki nzima hakunisemesha. Ila habari ya kuacha sikuisikia tena. Kila jioni alikuwa nyuma ya nyumba akipiga mpira ukutani, jirani akalalamika, nikamwambia avumilie tu.

Mwaka huu, mechi ya tatu, aliupiga ukapita chini chini katikati ya wachezaji wawili, na hakuna aliyeugusa. Alipofika kituo cha kwanza hakuruka. Aliniita, mtoto huyu ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili mbele ya wenzake:

"Mama, hili ni langu?"

Nyanya, ambaye siku hizi haoni mbali, akaniuliza kuna nini. Nilimshika tu mkono, ule ule ulionipa penseli, Mungu ambariki.

"Ni lako," nikaita. "Lako kabisa."

Nikaliandika.