Elina na Doa Lililokohoa

Mtu akiniuliza Elina ni mwanamke wa namna gani, humwambia kwamba aliwahi kufanya kazi akiwa chini ya meza, na kazi ikafanyika. Mimi nashona nguo barazani pa duka la Fred, Tukuyu mjini, kwa hiyo sikuhadithiwa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, televisheni za mitumba zikipanda milima mpaka kwetu kwenye mvua. Katika shehena moja Fred alikuta mashine ambayo hakuiagiza: kamera juu ya mguu wa chuma, taa kali, na kioo kidogo cha kuonyesha kile kamera inachokiona. Ukiiweka mbele ya televisheni iliyozimwa, inamulika kioo chake. Ikikuta mkwaruzo au doa, hupiga kengele. Kioo kikiwa safi, huwasha taa ya kijani. Watu hawakumwamini Fred, na walikuwa na haki, lakini mashine waliiamini kwa sababu haikuwa ndugu yake.

Aliyeiweza ni Elina peke yake, mfanyakazi wake wa dukani. Fred aliigusa mara moja, ikalia mpaka akazima umeme. Tatizo la Elina lilikuwa mkwewe, mzee Ambindwile wa Masukulu. Kwetu mke hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, wala jina lake halitaji. Ukristo umeondoa mengi, hili liligoma. Mzee akipita na ndizi zake, Elina alichomoka kwa mlango wa nyuma, wateja wakabaki wanatazamana na mashine. Mwishowe Fred akachoka.

"Ukimwacha mteja tena," alisema, "usirudi."

Mumewe alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha chai. Nyumba nzima ilikula kwa kengele ile.

Basi siku ya soko mzee akaja, na safari hii hakupita. Alitaka kununua televisheni.

Elina alizama chini ya meza, kanga kichwani, mkono mmoja juu ukipapasa swichi. Mzee aliingia na kofia nyeupe ya pama, ile ya kanisani, ameishusha mpaka puani, akajibanza nyuma ya kamera.

"Shikamoo, tata," Fred alisema, maana kwetu mzee huitwa hivyo, yaani baba.

"Marahaba. Nataka isiyo na kasoro. Pimeni nikiona."

Mashine ikalia. Fred akaleta televisheni ya pili, ikalia. Ya tatu ilikuwa bado na nailoni yake, nayo ikalia vilevile.

"Zote mbovu," mzee alisema. "Nitakwenda Mbeya."

Fred akaipiga meza teke. Nikajua Elina amekwisha, na roho iliniuma.

Kumbe Elina alikuwa amekishusha kile kioo kidogo magotini. Aliona doa jeupe, la duara, mahali palepale kwa kila televisheni. Kisha mzee akakohoa, na doa likakohoa. Elina akakifunika kioo kwa kanga upesi. Maskini, alikuwa amemtazama mkwewe, japo kwa njia ya umeme. Kama huko ni kuvunja heshima au la, mchungaji wetu hadi leo anasema atalifikiria.

Akamvuta Fred suruali, akamnong'oneza.

"Tata, naomba uvue kofia," Fred alisema. "Mashine inaiona kwenye kioo cha televisheni."

"Sivui."

"Basi sogea huku mbele."

"Huko mbele nitaona chini ya meza," mzee akajibu taratibu. "Wewe unadhani kofia nimeishusha kwa ajili ya nini?"

Nikasimamisha cherehani. Mzee alijua tangu mlangoni. Yeye na mkwewe walikuwa wakijificha, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na mashine ikaihesabu adabu yao kuwa kasoro. Niliwapenda wote wawili, nasema wazi.

Mzee akatoka, akaketi karibu yangu, mgongo kwa duka.

"Haya, pimeni."

Kengele haikulia.

"Kijani, tata," Fred akaita. "Njoo uone mwenyewe."

"Sina haja. Huyo anayepima hajanidanganya hata siku moja." Akafikiri kidogo. "Wala hatujawahi kusemezana." Kisha akaongeza, bila kugeuka: "Na nimesikia unataka kumfukuza kwa kukimbia. Anakimbia kwa heshima yangu, Fred. Ukimfukuza, umenifukuza mimi."

Chini ya meza mtu alipenga kamasi. Fred akaifunga televisheni kwa kamba, na kesho yake akanunua mkeka wa kutandika chini ya meza.