Herbert Aliyeoshwa kwa Ukwaju

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mohamedraza alimtoa Herbert kwenye kikopo cha dawa ya kikohozi, akamlaza kiganjani na kumsalimu. "Umeamkaje, bwana mkubwa?"

Herbert alikuwa sarafu nyembamba ya fedha, nyeusi kama sufuria ya kuni. Huyo Herbert mwenyewe alitawala jimbo moja dogo la Ufaransa, miaka kama elfu iliyopita. Akafa, wakaja watawala wengine, lakini mafundi wakaendelea kugonga sarafu kwa alama ya jina lake. Mohamedraza alilipenda sana jambo hilo. Hata yeye hakuwa amelitoa jina la marehemu mkewe, Sakina, kwenye kengele ya lango kule chini, na ghorofa nzima ya mtaa wa Thorncliffe Park, huko ughaibuni, hakuna aliyemwuliza.

Baridi ya 2009, Kassamali, mzee wa Mombasa aliyezoeana naye msikitini, akamwambia, "Jumamosi njoo maktaba, kwenye kikundi chetu cha sarafu. Mlete huyo Herbert wako. Wakimpenda, kiti unacho kila wiki."

Kiti! Tangu Sakina afariki, kuna siku zilipita hajasema na mtu ila Herbert.

Kwao Tanga mgeni haonyeshwi kitu kilichofubaa. Wageni wakija, Sakina alisugua sinia kwa ukwaju na chumvi mpaka mtu auone uso wake. Basi Ijumaa Mohamedraza akaloweka ukwaju, akamsugua Herbert, akasugua tena. Weusi wote ukatoka. Akang'aa kama katoka kwa fundi jana.

Jumamosi watu wakainama mezani kumtazama. Mzungu mmoja akaweka chini kioo chake cha kukuzia, akashusha pumzi.

"Razabhai, umefanya nini?" Kassamali akamwuliza Mohamedraza.

"Nimemsafisha. Nije naye mchafu mbele za watu?"

"Lo! Ule weusi ndio umri wake, bwana! Sarafu ya zamani haioshwi, wewe umeisugua kama sufuria ya pilau!"

Akawatafsiria wenzake, wakaangua kicheko. Kassamali naye alicheka, huku mguu wake ukimsogezea Mohamedraza kiti.

Mohamedraza alikiona. Lakini alikuwa anamtazama Herbert. Herufi za jina lake zilikuwa zimelika. Jina halisomeki tena.

Akavaa koti, akafunga vifungo mpaka shingoni.

"Kaa bwana, tunatania tu! Razabhai! Sarafu yako hii!"

Akausukuma mlango, akatoka kwenye theluji. Hakurudi siku ile, wala Jumamosi nyingine yoyote.