Kuku Aliyebakia Baraka

Juzi, kwenye meza ya fotokopi katika soko la mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa kutoka Tanzania, kijana aliyekuwa mbele yangu alitoa karatasi ya somo lake la kwanza. Alikuwa anaenda Lweba kufanya staji, yaani mazoezi ya ualimu wa historia, kwenye sekondari moja. Mama mwenye mashine hakubonyeza kitu. Alisoma kwanza, kidole kikifuata mistari.

"Umeandika kama vita ilipofika, bantu bote balikimbia Tanzania," alisema. "Nani alikuambia?"

"Ni baba, mama."

"Baba yako alipanda mutumbwi wa kwanza. Atajua namna gani nani alibakia? Mi nilibakia. Nilikuwa na kuku yenye ilikuwa inalalia mayai."

Kijana alicheka. Mama hakucheka. "Mayai kumi na moja," aliongeza. "Yote yalitoa batoto."

Kijana akachukua kalamu ya bic, akafuta "wote", akaandika "wengi". Hapo ndipo mashine ikaanza kunguruma.

Kwangu mimi staji yake aliimalizia pale pale mezani; Lweba anafuata muhuri tu. Zamu yangu ilipofika, nilisema nitarudi kesho. Ukurasa wa safu hii ya gazeti niliokuwa nao mkononi ulikuwa na "wote" tatu, na mimi nilikuwa kwenye mtumbwi wa pili.