Mchungwa wa Tantine

Wiki iliyopita, kwa jirani yangu hapa Carama, niliona mche wa mchungwa uliofungwa plastiki shinani. Nikachuma jani, nikalifikicha na kulinusa. Harufu ile ikanirudisha kwenye ua wa Tantine, shangazi yangu, aliyenichukua baada ya mafuriko kutuondoa Gatumba.

Mchana mmoja udongo ulinuka mvua. Tantine alikuwa amechuchumaa, akikata machipukizi kwenye mti wake na kuyatupa nje ya ua. Alikuwa ameshanieleza kwamba shina lile ni la mlimau, na kwamba tawi la mchungwa lililetwa kutoka kwingine likapachikwa juu yake. Basi mimi nikaelewa kwamba sasa anakiondoa kile kilicholetwa. Nilisimama na ndoo yangu, maji yakinimwagikia miguuni.

“Tantine, na mi utanirudisha?”

Hakucheka. Alifikicha jani la chipukizi alilolikata, akanipa ninuse. Lilinuka limau. Kisha akanipa jani la juu, nalo likanuka chungwa.

“Haya ninayokata ni ya mlimau wenyewe,” alisema. “Yako kwao, hayatakosa. Hili lililoletwa, tusipolilinda litakufa njaa.”

Siku hizi nawafikiria binamu zangu, watoto wa Tantine. Sahani ikivunjika nyumbani mle, walikaripiwa wao kwanza, hata kama aliyeishika ni mimi. Nami miaka yote ile nilidhani ni watundu tu.