Kanisa Lililompa Kibo Mgongo

Shule yetu ya bweni ilijengwa bila mpango, na nasema hivyo kwa upendo. Darasa la kwanza lilikuwa ghala la kahawa. Likafuata bweni la udongo na nyasi, halafu jiko, lililowekwa upande unakotoka upepo ili moshi wote utufuate vitandani. Kanisa peke yake ndilo lililochorwa kwanza kwenye karatasi, na ndilo lililokosewa kuliko yote.

Fundi Singasinga kutoka mjini alilijenga kwa mawe ya mtoni, kazi safi kabisa. Lakini padri aliyechora ramani aliweka mlango upande wa juu, penye barabara, na altare upande wa chini. Ukisali unatazama tambarare ya Mabogini, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, umempa mgongo. Siku ya ufunguzi wazazi wetu walikaa upandeupande kwenye mabenchi ili wasimpe mgongo, na shingo ziliwauma wiki nzima.

Mwaka wangu wa kipaimara nilihitaji msimamizi, mwanamke wa kuniwekea mkono begani mbele ya askofu. Asiye naye hapati kipaimara. Mama alikuwa amefariki, na shangazi zangu wote walikuwa wameolewa kwa Walutheri. Nilibaki na bibi, aliyebatizwa uzeeni.

Alikuja siku moja kabla, akalizunguka kanisa, akakataa kusimama humo akimpa Kibo mgongo. Baraka hutoka Kibo, alisema, na huko chini ni kwenye joto na mbu; Mungu gani angehamia huko? Mkataa kwao ni mtumwa. Sista mkuu wa shule akamwambia kuwa kumpa askofu mgongo ni utovu wa adabu. Bibi akajibu kwamba padri huwapa watu mgongo karibu misa nzima na hakuna anayemgombeza. Mimi nililia mbele yao wote wawili, bila aibu.

Kesho yake bibi aliingia kanisani kinyumenyume, macho mlangoni. Nilipoitwa mbele nilimwongoza kwa kumshika kiuno, tukamkanyaga katekista njiani. Wenzangu walitafuna leso ili wasicheke. Nikapiga magoti, naye akapeleka mkono nyuma akipapasa: akashika pua yangu, kisha sikio, mwishowe bega. Askofu alimtazama padri. Padri akatazama bati.

Askofu akanipaka mafuta, kisha akanipiga kofi dogo shavuni. Ndiyo ilikuwa desturi siku zile, ili tujue kuvumilia kwa ajili ya imani. Sisi tulifundishwa hivyo. Bibi hakuambiwa na mtu.

Aliposikia kofi aligeuka mzimamzima.

“Baba Askofu,” alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, “huyu mtoto hana mama. Kosa lake ni nini?”

Askofu aliona haya, akamweleza taratibu. Bibi alisikiliza, hakuridhika. Akabaki amesimama hivyohivyo, mkono wake begani kwangu na Kibo nyuma yake, akiuchunga mkono wa askofu mpaka msichana wa mwisho alipopakwa mafuta.