Mtama wa Dada Yake

Pale kwenye kituo cha majaribio ya mbegu wote walimwita Bwana Kamba, maana ndiye aliyepima vitalu kwa kamba. Viganja vyake vilikuwa na sugu za katani, na sauti yake haikupanda hata alipokosewa. Kila msimu alivuna kwanza mistari ya pembeni ya kila kitalu na kuiweka kando isipimwe, kwa kuwa hiyo, alisema, huonewa na jirani. Mwaka huu shamba lilipunguzwa, na mkuu wa kituo akaamuru kila mbegu ipate mstari mmoja tu. Bwana Kamba alimwendea mara mbili. "Mtama mfupi ukikaa ubavuni mwa mrefu, tutakuwa tunapima kivuli." Mkuu akamjibu kwamba ardhi haivutwi kama mpira. Miongoni mwa mbegu hizo ulikuwemo mtama mfupi wa marehemu dada yake Bwana Kamba, aliyeuacha akitamani ufike mbali. Kura ya kupanga mistari ikautupa kati ya mirefu miwili, ukadhoofu kama mtoto wa kambo.

Siku ya kupima, karani wa mizani, aliyeijua habari hiyo, alisita kuandika. "Mzee, nikiongeza kidogo nani atajua?" Bwana Kamba aliyatazama masuke yale membamba, akayapangusa vumbi kwa kidole gumba. "Kuna mtu atapanda kwa kuliamini daftari hili, mwanangu. Andika ulichosoma." Mtama ule ukafutwa kwenye orodha ya mbegu za kuendelezwa. Jioni karani alimkuta amechutama penye mabua ya mstari ule, akinong'ona, "Nisamehe, dada. Nilikuombea nafasi, sikupewa."